Vifundo vya mbele vya VX ya zamani: kazi ya Septemba kwa mwenye gari wa Tabora na Kigoma

Land Cruiser VX ya umbo la 80, ile iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1990, ndiyo shangingi ambalo mtu anaweza kulitengeneza mwenyewe uani kwa spana za kawaida. Viti vya ngozi vitakuwa vimechanika na kiyoyozi pengine kimelala, lakini chuma cha chini bado kina maisha marefu. Kinacholiua ni vitu vidogo vilivyoachwa. Kinachoongoza ni sili moja ya mpira, isiyozidi upana wa kiganja, iliyofichwa ndani ya ekseli ya mbele. Sili hiyo ikichoka, oili ya difu, yaani sanduku la gia lililo kwenye ekseli, inahamia kwenye makazi ya grisi, grisi inageuka uji, na sivi jointi ya bei kubwa, kiungo kinachozungusha gurudumu hata likiwa limekata kona, inasagika ikiwa imezungukwa na uchafu unaofanana na mafuta.

Mwongozo huu unahusu kazi hiyo moja: kufungua vifundo vya mbele, kubadili sili na beringi, na kufunga kwa vipimo sahihi. Mwishoni tunagusia mambo machache ya kukagua wakati gari liko juu ya stendi. Fanya kazi hii kati ya Agosti na Oktoba. Mvua za Tabora na Kigoma huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Zikishaanza, maji ya mabonde ya mto Malagarasi na udongo mweusi wa mbuga huingia popote penye sili mbovu. Halafu vipuri vingi vitatoka Dar es Salaam, kwa basi au kwa reli ya kati, na huwezi kukaa na gari lililofunguliwa huku mawingu yanajikusanya.

Kifundo ni nini na kwa nini kinavuja

Nyuma ya gurudumu la mbele kuna tufe kubwa la chuma linalong'aa, na juu yake limekaa ganda linalogeuka kulia na kushoto pamoja na gurudumu. Hicho ndicho kifundo. Ndani yake kuna sivi jointi inayopeleka nguvu ya difu kwenye gurudumu hata likiwa limekata kona. Kifundo kinageukia kwenye beringi mbili ndogo, moja juu na moja chini. Jointi na beringi hizo zinaishi kwenye grisi nzito. Difu, upande wa pili wa ekseli, inaishi kwenye oili nyepesi. Mpaka kati ya viwili hivyo ni ile sili ya ndani, ambayo shafti inapita katikati yake.

VX inavutwa na magurudumu manne muda wote. Hakuna swichi ya kupumzisha ekseli ya mbele, kwa hiyo jointi zake zinafanya kazi hata unapokwenda sokoni kwenye lami. Ndugu zake wa daraja la chini, wenye habu (vitovu vya magurudumu) za kufungia kwa mkono, wana kifundo kilekile, isipokuwa kofia ya habu inafunguliwa tofauti kidogo.

Sili huchoka kwa umri, lakini mara nyingi husukumwa. Juu ya ekseli kuna kipumulio, tundu dogo lenye kofia linaloruhusu hewa kutoka difu inapopata moto. Vumbi la kiangazi likichanganyika na oili huliziba. Difu ikipata moto hewa inatanuka, inakosa njia, na inasukuma oili kupitia sili. Kisha gari linaingia kwenye maji ya mto, ekseli inapoa ghafla, hewa inasinyaa na kuvuta maji ndani kupitia mlango uleule. Ndiyo maana kubadili sili bila kuzibua kipumulio ni kazi ya msimu mmoja tu. Kifungue, kioshe kwa mafuta ya taa, pulizia kwa mdomo uone kama hewa inapita. Kama gari lako bado lina kofia fupi juu ya ekseli, weka hozi inayostahimili mafuta, ipandishe mpaka karibu na ukuta wa injini juu kabisa, na uache urefu wa kutosha ekseli iweze kushuka bila kuivuta. Hozi ibanwe kwa klipu na mdomo wake wa juu uinamishwe chini ili maji yasidondokee ndani.

Jinsi ya kujua kabla ya kufungua

Futa tufe kwa kitambaa kikavu, tembea siku mbili, kisha angalia tena. Utando mwembamba wa grisi nyeusi ni wa kawaida, kwa sababu pete za kufutia nyuma ya kifundo hazikuundwa kuwa kavu kabisa. Michirizi ya oili nyepesi inayofika kwenye ukuta wa ndani wa tairi si ya kawaida.

Kipimo kizuri zaidi ni cha waya. Kwenye ganda la kifundo kuna plagi ndogo ya kuongezea grisi. Safisha vumbi lote kuizunguka kwanza, ifungue, ingiza waya safi na uuchomoe. Grisi nzito nyeusi inayong'ang'ania waya ni afya. Uji wa kahawia unaodondoka wenyewe ni oili ya difu iliyovuka mpaka. Rangi ya chai ya maziwa ni maji, na hapo usisubiri wiki ijayo, kwa maana beringi zinaota kutu usiku huohuo gari linapolala.

Dalili nyingine: mlio wa "tak tak tak" unapokata kona mpaka mwisho huku ukikanyaga mafuta, huo ni wa sivi jointi. Usukani kutetemeka ghafla ukigonga shimo katika mwendo wa kati ni dalili ya beringi za kifundo zilizochoka, ingawa watu wengi hukimbilia kubadili shokapu na kupanga balansi ya matairi. Habu yenye joto kuliko ya upande wa pili ina beringi iliyobanwa mno au iliyokauka. Na difu inayopungua oili kila mara bila tone chini ya gari imeipeleka kwenye kifundo.

Vipuri na vifaa

Kwa pande zote mbili utahitaji sili mbili za ndani za ekseli, sili mbili za nyuma ya habu, seti mbili za pete za kufutia kifundo (pamoja na kinyoya chake), beringi nne za kifundo pamoja na vikombe vyake, gasketi za spindo (mhimili mfupi ambao habu inazungukia) na za kofia ya habu, na washa mbili zenye masikio za kufungia nati. Beringi za habu ziko nne. Kagua kwanza, ingawa zikiwa ni za tangu kiwandani ni heri kuzibadili mara moja. Unaponunua, toa namba ya chasisi, kwa maana magari ya miaka tofauti yana tofauti ndogondogo. Kwa beringi, soma namba iliyopigwa kwenye chuma cha ile ya zamani na ulinganishe. Sili ya ndani usiipunguzie bei. Ya mpira mgumu usiojulikana ulikotoka inaweza kuonekana safi kwenye boksi na ikaanza kuvuja kabla ya Krismasi.

Nunua grisi ya aina mbili. Ya kwanza ni ya lithiamu namba 2 yenye molibdenamu, ile nyeusi, ya sivi jointi na kifundo. Kilo mbili zinatosha pande zote. Ya pili ni grisi ya beringi za magurudumu inayostahimili joto la breki za diski, nusu kilo. Nunua pia oili ya difu ya 80W-90 au 90 ya daraja la GL-5. Difu ya mbele isiyo na loki inachukua karibu lita 2.8, kwa hiyo chukua lita tatu. Ongeza mafuta ya taa lita tano hadi kumi, matambara mengi, msasa laini, na karai mbili.

Upande wa spana, kifaa kimoja hakina mbadala: soketi ya milimita 54. Nati za habu zina pembe pana na nyembamba, na njia ya mtaani ni kuzigonga kwa patasi na nyundo. Usikubali, hata kama fundi ni hodari. Patasi inamega chuma, vipande vinaangukia kwenye beringi, na huwezi kupima mkazo wa nati kwa nyundo. Soketi hiyo ikikosekana Tabora mjini, agiza pamoja na sili. Tafuta pia spana ya kupimia nguvu, kipande cha shaba nyekundu au njano cha kugongea, koleo la kufungulia sekilipu (pete ya chuma inayobana kwenye mfereji wa shafti), na mizani ndogo ya kuning'iniza yenye ndoano, isomayo hadi kilo kumi. Mizani hiyo ni ya kupimia beringi, na matumizi yake yanaeleweka mbele.

Mahali pa kazi

Udongo wa Tabora ni wa kichanga, jeki inazama. Kata vipande viwili vya ubao mgumu, mninga au mti wowote wa miombo, vya sentimita arobaini kwa arobaini na unene wa angalau sentimita tano, uviweke chini ya jeki na chini ya kila stendi. Gari hili lina uzito wa zaidi ya tani mbili. Hakuna jiwe, tofali wala rimu ya tairi linaloruhusiwa kulibeba mtu akiwa chini. Weka kabari magurudumu ya nyuma, legeza nati za gurudumu likiwa bado chini, kisha nyanyua ekseli na uikalishe kwenye stendi, upande mmoja kwa wakati mmoja. Upande wa pili ukibaki umefungwa unakuwa kielelezo cha kuangalia ukisahau mpangilio.

Kivuli cha mwembe ni kizuri, ila mwembe unachanua kiangazi hikihiki na maua yake yanaanguka kama unga. Tandika turubai chini na lingine ulifunge juu. Punje moja ya mchanga kwenye beringi iliyofungwa vizuri inafanya kazi ya msasa kwa kilomita elfu nyingi.

Kufungua

Anza na oili ya difu. Fungua plagi ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ukimwaga kwanza halafu ukakuta ya kujazia imeganda kwa kutu, umebaki na difu tupu na gari lisilotembea. Oili ikitoka ya maziwa, maji yalishaingia. Sumaku ya plagi ikiwa na unga laini wa kijivu ni kawaida. Ikiwa na vipande vinavyoshikika kwa vidole, difu yenyewe inahitaji kufunguliwa.

Toa kalipa, kibano cha breki kilichokumbatia diski, bila kufungua paipu ya breki. Ifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa hozi yake. Kama gari lina breki za ABS, toa sensa yake kwenye kifundo sasa, kwa sababu shafti ikivutwa na sensa ikiwa mahali pake itaivunja.

Toa kifuniko cha katikati ya habu, kisha sekilipu iliyoko kwenye ncha ya shafti. Legeza nati sita za kofia ya habu lakini ziache kwenye ncha za bolti. Chini ya kila nati kuna washa ya koni iliyobana kwa nguvu ajabu. Gonga ncha za bolti kwa shaba na nyundo, kwa mapigo makavu ya haraka, mpaka washa ziruke. Nati zile ulizoziacha zinazuia uzi wa bolti usibondeke. Washa ikikataa, loweka kwa mafuta ya kulegeza kutu, nenda kale, rudi.

Nyoosha masikio ya washa ya kufungia, toa nati ya nje kwa soketi ya 54, kisha washa, nati ya ndani, na sahani yake. Shika habu kwa mikono miwili, itikise kidogo, beringi ya nje itajitokeza. Itoe kwanza isianguke mchangani. Habu inatoka pamoja na diski.

Nyuma yake kuna bolti nane za spindo. Spindo inashikwa na gasketi na kutu, igonge pembeni kwa shaba mpaka iachie. Weka karai chini, maana hapo ndipo uji unapomwagika. Sasa zungusha shafti mpaka sehemu bapa ya sivi jointi iangalie juu, ndipo itapita. Ukiivuta ikiwa imekaa vinginevyo utadhani imekwama, na watu wamevunja vitu hapo kwa haraka.

Baki na ganda. Ondoa ncha ya tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza kifundo), bolti za pete za kufutia kwa nyuma, kisha nati za juu na za chini zinazoshika beringi za kifundo. Nazo zina washa za koni. Chini ya vifuniko hivi kunaweza kuwa na mabati membamba ya kurekebisha unene. Yale ya juu yawekwe alama ya juu, ya chini alama ya chini, kulia na kushoto visichanganywe. Yanaamua jointi ikae katikati, kwa hiyo bati likihama kutoka juu kwenda chini, kifundo kizima kinahama.

Kuosha na kukagua

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, si petroli. Petroli inawaka kwa cheche ya nyundo na inakausha ngozi ya mikono. Grisi chafu ikusanywe kwenye debe lenye mfuniko. Isimwagwe uani, hasa penye kisima kifupi.

Tufe ndilo linaloamua maisha ya pete mpya. Kutu ndogo iondolewe kwa msasa laini mpaka kidole kipite bila kukwaruza.

Vikombe vya beringi za kifundo viangalie kwenye mwanga. Utakuta vidimbwi vidogo vilivyopangwa kwa mstari, kwa sababu beringi hii haizunguki mzunguko kamili bali inapiga mahali palepale miaka yote. Ukiviona, badili beringi na kikombe pamoja. Beringi mpya kwenye kikombe cha zamani ni fedha iliyotupwa.

Sivi jointi inatoka kwenye shafti kwa kugongwa kwa shaba, kwani inashikwa na ringi ndogo inayojibana yenyewe. Ndani ina tufe sita ndogo ndani ya kizimba. Inamisha kizimba, toa tufe moja moja, osha, kagua njia zake. Mng'aro ni sawa; bonde linaloshika ukucha limekwisha; ufa wowote, hata kama unywele, ni mwisho wa jointi hiyo. Kama mabonde ni mepesi na yako upande mmoja tu wa njia, jointi ya kulia inaweza kuhamishiwa kushoto na ya kushoto kulia, kila moja ikibaki bila shafti yake ya ndani, kwa sababu shafti za ndani zina urefu tofauti. Nguvu ya kwenda mbele sasa itakandamiza upande ambao haujalika, na mlio mara nyingi unatulia. Ni njia halali kwa mwenye bajeti ndogo, lakini haitibu ufa.

Pitisha ukucha pale mdomo wa sili ulipokuwa ukisugua shafti. Ukihisi mfereji, sili mpya ikikaa palepale itavuja. Kama kiti chake kina nafasi, igonge isifike mwisho kabisa, ibaki nyuma milimita moja au mbili, ili mdomo upate chuma kisicholika.

Kufunga

Ng'oa sili ya ndani ya zamani, futa kiti chake, gonga mpya kwa bomba au soketi yenye upana unaokaribia wake, sawasawa pande zote. Mdomo wenye springi uelekee kwenye difu. Upake grisi.

Kabla ganda halijarudi, pete za kufutia zipitishwe juu ya tufe na ziachwe zining'inie kwenye ekseli kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Kinyoya kiloweshwe oili kwanza. Pete hizi husahaulika sana, na adhabu yake ni kufungua kifundo upya.

Rudisha ganda, beringi mpya zilizoshindiliwa grisi, mabati yake, vifuniko, washa za koni. Kaza nati kwa Nm 96 (nyutoni-mita, kipimo kinachosomwa kwenye spana ya kupimia nguvu). Ganda ligeuke kwa uzito ulio sawa kutoka pembe hadi pembe, pasipo mchezo wa juu na chini.

Sivi jointi ijazwe grisi ya molibdenamu kwa kushindilia na kidole gumba mpaka itokee upande wa pili. Sasa inakuja hatua inayoharibu kazi nyingi. Unapoingiza shafti, meno ya ncha yake yanapita ndani ya sili mpya. Ukiiachia shafti ilale kwa uzito wake, meno yanakata mdomo wa sili, na gari litavuja siku ya kwanza huku wewe ukilaumu kipuri. Inyanyue shafti kwa mkono mmoja iwe katikati ya tundu muda wote, iongoze polepole, zungusha kidogo mpaka meno yaingie kwenye difu. Kisha jaza kifundo grisi mpaka robo tatu. Kikijaa kabisa, grisi ikipata moto inasukuma sili kutoka upande huu pia.

Bushi ya shaba iliyo ndani ya spindo ipakwe grisi. Gasketi mpya, spindo, bolti nane kwa Nm 47, kwa kukaza msalaba.

Beringi za habu zishindiliwe kwa kiganja: weka donge la grisi mkononi, gonga upande mpana wa beringi mpaka grisi itokee juu kati ya kila rola. Kupaka kwa nje tu ni kuidanganya beringi. Weka sili mpya nyuma ya habu, rudisha habu, beringi ya nje, sahani, nati ya ndani.

Hapa ndipo mizani inaingia. Kaza nati ya ndani kwa Nm 59. Zungusha habu kulia na kushoto mara kadhaa ili rola zikae. Legeza nati mpaka iwe huru, kisha kaza tena kwa Nm 5.4 tu, nguvu ndogo ya kifundo cha mkono. Ning'iniza ndoano ya mizani kwenye bolti moja ya gurudumu, vuta kwa pembe ya mraba, soma kilo wakati habu inaanza kusogea. Inatakiwa kati ya kilo 2.9 na 5.7. Pungufu ya hapo gurudumu litacheza. Zaidi ya hapo beringi itaungua. Ikisoma sawa, weka washa mpya yenye masikio, kaza nati ya nje kwa Nm 64, kisha pima tena kwa mizani, maana nati ya nje inasukuma ya ndani kidogo. Kunja sikio moja kwenye nati ya ndani na lingine kwenye nati ya nje.

Kofia ya habu na gasketi mpya, washa za koni, nati kwa Nm 35. Ncha ya shafti ina tundu lenye uzi. Ingiza bolti, vuta shafti nje, ndipo mfereji wa sekilipu utaonekana. Kalipa kwa Nm 123. Gurudumu la rimu ya alumini kwa karibu Nm 103, kwa nati zake zenye washa bapa. Nati za koni za rimu ya chuma zisiwekwe kwenye rimu ya alumini, hazikai, na gurudumu linalegea njiani.

Jaza difu mpaka oili ifike kwenye mdomo wa tundu. Kanyaga breki mara nyingi mpaka pedali iwe ngumu kabla gari halijasogea hata hatua moja, kwani pistoni za kalipa zilirudi nyuma.

Wakati gari liko juu

Pulizia rejeta kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mbegu za nyasi za kiangazi hujipanga kati ya rejeta na ile ya kiyoyozi, zisionekane kwa mbele, na injini inapanda joto ukipanda mlima na mzigo. Angalia pia zile zilizonaswa juu ya bomba la moshi. Nyasi kavu hapo zimeshateketeza magari.

Kama injini ni dizeli, 1HZ au 1HD-T, uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kipimo ni kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni. Na mwenye 1HD-T ya mwanzoni mwa miaka ya 90 ajue kwamba beringi zake za konrodi zinajulikana kwa kulika mapema. Zinafikiwa kwa kushusha sampu, na zinapaswa kubadilishwa kabla hazijaanza kugonga, kwa maana mlio ukisikika klanki imeshaumia. Hiyo ni kazi ya mwenye kitabu cha vipimo na mkono uliotulia.

Loki ya difu ya katikati iwashwe mara moja kwa mwezi kwenye barabara ya vumbi, mita mia moja zinatosha, ili mota yake isigande. Kwenye lami kavu usiiwashe kamwe. Magurudumu yanakosa pa kuteleza, na nguvu yote inaishia kwenye zile jointi ulizotoka kuzisafisha.

Safari ya kwanza

Tembea kilomita ishirini hivi, simama bila kutumia breki nyingi, gusa habu zote mbili. Uvuguvugu ni sawa. Mkono ukishindwa kukaa sekunde tano, nati ya ndani imekazwa mno. Rudi nyumbani polepole ukapime upya. Baada ya kilomita 500, nyanyua kila upande, shika gurudumu juu na chini, litikise. Mchezo mdogo baada ya beringi mpya kukaa hurekebishwa kwa mizani ileile. Kaza tena nati za kifundo kwa Nm 96, kwani washa za koni hujibana zaidi baada ya mitikisiko ya kwanza. Kisha fungua plagi ya juu ya kifundo, ingiza waya, na utazame kilichoshika.